Vioo vya Ijumaa

Jumanne, saa nne asubuhi, mwanamke waliyemwita Mama Vioo alivuta droo ya chini ya meza yake ya kazi, akatoa kioo kimoja chembamba cha urefu wa kidole, akakiinua dirishani. Alitaka kuona ngozi iliyopauka. Alichoona ni weusi mtupu, kana kwamba kioo kile hakijawahi kuonja dawa. Akakigeuza upande wa pili, kama mtu anayegeuza barua mbaya akitumaini nyuma kumeandikwa mengine. Nako kulikuwa vilevile. Akavuta kigoda akakaa.

Jina la Mama Vioo alipewa na wahudumu wa hospitali, nalo likamganda. Kwa miaka kumi na sita kazi yake ilikuwa kupokea vipande vya nyama ya watu, vingine vidogo kama punje ya mchele, kuvigandisha ndani ya nta, kuvikata vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuvilaza juu ya vioo na kuvitia rangi, ili daktari wa maabara avisome kwa hadubini. Katika vyote hivyo, ngozi yenye baka jeusi ndiyo ilikuwa korofi kuliko zote. Weusi wake hufunika kila kitu. Na ile rangi inayofichua seli zinazozaliana kwa fujo, seli za saratani, hutoka kahawia. Weusi wa ngozi nao, ukiutazama kwa hadubini, ni kahawia. Mwizi na mwenye nyumba wamevaa shati moja. Ndiyo maana weusi huchujushwa kwanza: kioo huzamishwa nusu saa kwenye dawa ya zambarau, kisha kwenye asidi, mpaka ngozi iwe nyeupe kama karatasi, ndipo rangi itiwe. Na kila kundi la vioo huandamana na kimoja cha kujaribia, ambacho fundi anajua fika kwamba kina weusi mwingi. Hicho kikipauka, dawa imefanya kazi. Kikibaki cheusi, kundi zima linarudiwa.

Hicho cha kujaribia ndicho kilichokuwa mkononi mwake. Kilipita dawani Ijumaa pamoja na vioo vinane vya wagonjwa wanane. Siku ile hakukitazama. Alikitupa drooni, akaandika daftarini "weusi umechujushwa" mara nane, akatia sahihi mara nane.

Alijua vizuri kwa nini hakukitazama. Chembe za zambarau zilikuwa zimeisha, na dawa iliyobaki kwenye chupa ilikuwa ya Jumatano, imeshapoteza zambarau yake na kugeuka rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Dawa ile ikigeuka hivyo imechoka. Hilo hufundishwa hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Alipaswa kusubiri mzigo mpya. Lakini kati ya vile vinane kimoja kilikuwa na namba mia mbili kumi na saba, na mia mbili kumi na saba alikuwa mumewe. Sheria ya maabara inakataza mtu kushika kioo cha ndugu yake, ila mwenzake alikuwa likizo ya uzazi, na daktari mpasuaji hufika hospitalini hapo kila Alhamisi ya pili. Akiikosa hii, mumewe angengoja wiki mbili zaidi na baka lile chini ya wayo likitanuka. Basi akaitumia dawa ile ile. Haraka ya mapenzi nayo ni haraka.

Sasa majibu yalikuwa yametoka. Daktari aliona kahawia nyingi, akatazama daftari, akakuta weusi umechujushwa, akaamini kwamba kahawia yote ile ni ya seli. Aliandika kwamba namba mia mbili kumi na saba akatwe nusu ya mbele ya wayo wa kulia, Alhamisi. Keshokutwa. Na mumewe alikuwa fundi wa kushona, mguu wa kulia ndio uliokanyaga cherehani.

Labda ilikuwa kweli. Labda ilikuwa weusi wake tu wa kuzaliwa. Hakuna aliyejua, na kati ya watu wote hospitalini ni yeye peke yake aliyejua kwamba hakuna aliyejua.

Akarudisha kioo drooni na kuifunga taratibu.

*

Alipofika nyumbani jioni alimkuta mteja sebuleni, pale cherehani ilipokaa, akikusanya kitambaa chake.

"Si kwamba sikuamini, fundi," mteja alikuwa akisema huku akikunja kitambaa bila kumtazama mtu. "Nimeona tu nisikuongezee mzigo. Ukipona nitaleta kingine."

"Nimeshakikata," mumewe alisema. "Kola tayari, mikono tayari. Kesho mchana unachukua."

"Nipe hivyohivyo. Kuna kijana pale njia panda atamalizia."

Fundi alimfungia vipande ndani ya gazeti, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mteja alipotoka, mama yake fundi, ambaye alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango akichambua mchele, alimsindikiza kwa macho.

"Mwache aende," bibi akasema. "Gauni lake la harusi lilishonwa hapa hapa, tumbo limeshamtangulia miezi mitano, na hakuna hata shemeji mmoja aliyeliona. Leo mguu wako umekuwa nuksi."

"Mama, wasikusikie."

"Wasikie! Masikio si yao?"

Fundi alicheka kidogo, kisha akamgeukia mkewe. "Huyo ni wa nne leo," alisema. "Nani kawaambia?"

"Sijui."

"Mimi sijamwambia mtu. Wewe?"

"Nimwambie nani, baba watoto?"

Fundi alinyanyua mguu wa kulia, akauweka juu ya goti, akautazama wayo wake. Baka lilikuwa pale chini ya kidole gumba, jeusi, pana kama kifungo cha koti, na katikati palikuwa na kidonda kidogo pale walipotoa kipande. Alikuwa amejizoeza kulitazama bila kukunja uso. "Nimejaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto," alisema. "Mshono unakwenda kama njia ya ng'ombe. Lakini nitazoea. Mtu huzoea." Alisema hivyo kwa sauti ya kuuliza.

Hapo Mama Vioo alishindwa. Alikuwa amejiapia njiani kwamba hatasema neno mpaka apate hakika.

"Kesho wakikuletea fomu ya kukubali kukatwa," alisema, "usisaini."

"Nisisaini? Si wewe uliyenisukuma miezi miwili niende nikapime?"

"Nasema ngoja tu. Siku moja."

Bibi aliacha mchele. "Mkwe wangu," alisema, "mimi shule sikwenda, lakini uso nausoma. Una kitu umekimeza. Kiteme."

"Huenda," Mama Vioo akasema, "huenda wamekosea."

Alisema wamekosea. Hakusema nimekosea. Aliisikia tofauti hiyo mwenyewe, akaona aibu, lakini hakuna mwingine aliyeisikia, kwa sababu mumewe alikuwa tayari ameshusha mguu sakafuni na uso wake umefunguka namna ambayo hakuwa ameuona tangu mwezi ulipoanza.

"Wamekosea!" alisema. "Nilijua mimi. Nilimwambia mama, baka hili haliniumi hata kidogo. Si nilikwambia, mama?"

"Uliniambia."

"Kitu kisichouma kitakuwaje saratani?"

"Nimesema huenda," mkewe akasema.

Lakini huenda ile ilikuwa imeshaingia ndani ya nyumba na kuketi. Fundi alivuta kitambaa kilichofuata, akatia uzi, akaanza kukanyaga kwa mguu wa kulia, haraka haraka, akipiga mluzi. Bibi alirudi kwenye mchele wake akitabasamu. Mama Vioo aliingia chumbani, akakaa kitandani na viatu vyake, akasikiliza cherehani ile ikikimbia. Akaogopa kuliko alivyoogopa asubuhi.

*

Jumatano alikuwa stoo kabla haijafunguliwa. Mtunza stoo alifika na funguo zake zinazolia, akamkuta mlangoni, akafungua.

"Mama Vioo! Leo umenikumbuka. Wiki iliyopita ulinipita kwenye korido kama umeona mti."

"Samahani, kaka. Nilikuwa na mawazo. Mzigo wa zambarau umefika?"

"Umefika tangu jana. Ule pale, katoni haijafunguliwa."

"Nipe chupa moja."

"Fomu?"

"Fomu nitaleta."

"Fomu yenye sahihi ya daktari," alisema, akifungua dirisha dogo na kupita ndani ili wazungumze kupitia kidirisha hicho, kama inavyostahili cheo chake. "Agizo jipya. Bila sahihi ya daktari sitoi hata kijiko."

"Kaka yangu, miaka kumi na sita nachukua dawa hapa."

"Na kumi na sita yote nimekuandika. Kwani unaificha ya nini? Mwambie daktari asaini, dakika mbili."

Mama Vioo alitazama katoni ile nyuma yake. Mtunza stoo alimwangalia kwa muda. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mtu aombe mara mbili. "Ni kwa ajili ya mzee nyumbani?" aliuliza kwa sauti ya chini. Habari hospitalini huenda bila miguu. Mama Vioo aliitikia kwa kichwa, na machozi yakamtoka bila kuyaita, mbele ya kidirisha, na mfagiaji akipita nyuma yake na ndoo.

Mtunza stoo akainama chini ya meza, akatoa chupa ya zamani yenye chembe kidogo zilizoganda chini. "Hii niliiandika imekwisha. Inatosha vioo viwili, vitatu haifiki. Hukuipata kwangu. Na siku dada yangu akileta kipimo chake, usimpange foleni."

"Sitampanga."

"Sema ahsante basi."

"Ahsante, kaka."

Aliondoka na chupa mfukoni mwa koti lake jeupe. Vioo viwili: kimoja cha kujaribia, kimoja namba mia mbili kumi na saba. Angekata kipande kipya kutoka kwenye nta, achujushe, atie rangi, na kesho asubuhi mapema amwekee daktari mezani aseme kwamba kile cha kwanza kilikuwa na ufa. Watu huvunja vioo kila siku. Hakuna ambaye angeuliza. Hesabu hiyo aliipiga mara tatu korido nzima na kila mara ilitoka sawa.

Kwenye dirisha la kupokelea vipimo palikuwa na mtu amesimama, mwanamume mpana, saruji kwenye kucha, kidole gumba cha mkono wa kulia kimefungwa bandeji.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye Mama Vioo?"

"Marahaba. Majibu yanatoka kwa daktari, si hapa."

"Majibu ninayo. Wanakikata kesho." Aliinua kidole kile kama mtu anayemtambulisha rafiki. "Mimi ni mwashi. Nilitaka kuuliza tu, maana pale wodini kila mtu ana haraka. Mtu asiye na dole gumba anaweza kushika mwiko wa ujenzi?"

"Hilo sijui, baba."

"Nimejaribu na mkono wa kushoto. Nimejenga kaukuta nyuma ya nyumba, kozi tatu za matofali. Mke wangu kaniuliza kama nilikuwa nimelewa." Akacheka, kisha kicheko kikaisha ghafla. "Lakini mmepima vizuri, eh? Si kwamba nawashuku. Nauliza kwa sababu baka hili nimezaliwa nalo, ila mwaka huu limekua kidogo. Mama yangu analo kama hili."

"Namba yako?"

"Mia mbili kumi na nne."

Hakuhitaji kufungua daftari. Mia mbili kumi na nne kilikuwa cha tano kwenye kikapu cha Ijumaa. Mkono wake mfukoni uliishika chupa ile.

"Tumepima," alisema.

"Ahsante, mama. Basi nitalala." Mwashi akainama kidogo kwa heshima na kuondoka.

Mama Vioo alibaki dirishani. Alijaribu tena kuipiga ile hesabu yake ya vioo viwili, na safari hii ikakataa kutoka. Akapiga moyo konde, akaenda kugonga mlango wa daktari.

*

Daktari alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mbili. Alipokuja hapo akiwa mwanafunzi, Mama Vioo ndiye aliyemfundisha kushika kioo kwa kingo, na tangu hapo alimwita mama na kumwachia sehemu ya chai yake. Alikuwa ameinama kwenye hadubini.

"Ingia, mama. Kuna nini?"

"Daktari, vioo vya ngozi vya Ijumaa havikuchujuka."

Daktari hakuinua kichwa mara moja. Alisogeza kioo alichokuwa akisoma, akaandika kitu, ndipo akageuka. "Vipi havikuchujuka? Nimeona daftari."

"Daftari niliandika mimi. Dawa ilikuwa imechoka. Nilijua imechoka." Aliweka kioo cha kujaribia mezani. "Hiki hapa. Sikukitazama mpaka jana."

"Jana."

"Jana asubuhi."

"Na leo ni Jumatano." Daktari alikichukua kioo, akakiinua kwenye taa. Alikitazama muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Nimewasoma watu wanane," alisema polepole. "Sita kati yao nimeandika wapasuliwe. Kwa kahawia ambayo sijui sasa ilikuwa kahawia ya nini. Mmoja ni mwanamke, shavuni! Unajua nimemwandikia nini?"

"Najua."

"Hujui! Ungejua usingelala jana usiku!"

"Sikulala."

"Na mzee wako yumo."

"Yumo."

"Ulishika kioo chake."

"Nilikishika."

Daktari alisimama, akaenda kufunga mlango uliokuwa wazi kidogo, kwa sababu sauti yake ilikuwa imeanza kupanda na korido ilikuwa imeanza kusikiliza. Alinyanyua simu. Mama Vioo alisimama katikati ya chumba, mikono mbele, kama mtoto aliyeletwa kwa mwalimu mkuu, akimsikiliza akiwaambia watu wa upasuaji wasimpeleke mtu yeyote mwenye namba kuanzia mia mbili kumi hadi mia mbili kumi na saba mpaka atakapowaambia. Wakamuuliza sababu. "Kosa la maabara," alisema. Wakamuuliza tena. "Nimesema la maabara. Ni langu, nimelisaini." Akakata.

"Barua nitamwandikia mkuu wa hospitali leo," alimwambia Mama Vioo bila kumtazama. "Siwezi kuficha, na usiniombe."

"Sikuombi."

"Lete vibonge vyote vinane vya nta. Nitasaini zambarau mpya. Tunarudia kundi zima sasa hivi, mbele ya macho yangu." Akasita. "Cha mzee wako hukigusi, fundi. Nitakifanya mwenyewe."

Fundi. Kwa miaka tisa alikuwa akimwita mama.

*

Vioo saba vilikwenda vizuri. Mama Vioo aliyeyusha chembe mpya, na maji yakawa zambarau ya kweli, nzito, ya kung'aa. Akavizamisha. Nusu saa ikapita. Alipovitoa vilikuwa vimevaa kutu. Akavitia kwenye asidi, kutu ikayeyuka, na weusi ukaondoka nayo, kioo kimoja baada ya kingine, mpaka ngozi za watu saba na ile ya kujaribia zikabaki nyeupe, hazina tofauti, huwezi kusema yupi ni nani.

Cha nane kilikuwa kwenye beseni la daktari. Ngozi ya wayo ni ngumu, haishiki vizuri kwenye kioo, na mumewe alikuwa mtu aliyetembea peku mpaka utu uzima. Tena kipande kilichobaki ndani ya nta kilitosha kukatwa mara hii moja. Baada ya hapo ni kwenda kumchimba mguu upya. Daktari alikuwa msomaji wa vioo, si mpikaji wake. Aliposuuza, Mama Vioo, aliyesimama nyuma yake mikono mgongoni, aliona kona moja ya ngozi ikinyanyuka na kupepea majini.

"Daktari," alisema.

"Nimeiona."

"Punguza maji."

"Nimepunguza."

"Usikimwagie juu. Kilaze. Kilaze kama unamlaza mtoto, maji yaje yenyewe."

Daktari alikilaza. "Kinakwenda," alinong'ona.

"Hakiendi. Kaa hapo hapo. Usipumue juu yake. Sasa kiinamishe kidogo, kona ya juu iwe huku. Hivyo. Ngoja."

Wakangoja. Kona ile ilipepea mara mbili, kisha ikalala, ikashika. Daktari alitoa pumzi, na kwa sekunde moja alitaka kusema "ahsante, mama". Midomo ilijiandaa kabisa. Kisha akakumbuka, akafunga mdomo, akaenda kukipeleka kwenye asidi.

Rangi ilitiwa mchana na kuachwa ishike mpaka asubuhi. Jioni fundi alimuuliza mkewe mlangoni, kabla hajavua viatu, "Vipi, wamethibitisha?" Akamwambia bado, kesho. Mumewe alikuwa hajasaini fomu. Alikuwa amewaambia wateja wawili warudishe vitambaa vyao.

*

Alhamisi, saa mbili na nusu, daktari alimwita.

"Nimevisoma vyote mara mbili," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Viwili vimebadilika. Ni weusi wa kawaida tu, hakuna saratani. Wengine sita wako vilevile kama nilivyoandika."

Mama Vioo alishika ukingo wa meza. Viwili kati ya vinane. "Namba?" alisema.

"Mia mbili kumi na moja. Yule mwanamke wa shavu." Daktari alitazama karatasi, ingawa hakuwa na haja ya kuitazama. "Na mia mbili kumi na nne."

Mama Vioo aliendelea kusubiri, kama vile huenda ikatajwa na ya tatu.

"Cha mzee sasa nakiona vizuri kuliko mara ya kwanza," daktari alisema. "Seli ziko wazi. Ni saratani, mama. Njoo utazame mwenyewe ukitaka."

Hakutaka. Alisema tu, "Nimekusikia," akatoka.

Kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji mumewe alikuwa amekaa na mama yake, mfuko wa nguo katikati yao. Bibi alikuwa akimsimulia kitu na fundi akicheka. Alipomwona mkewe anakuja alianza kunyanyuka, kisha akaona uso wake, akakaa tena. Hakuna aliyehitaji kusema. Mama Vioo alichuchumaa mbele yake.

"Ni kweli," alisema. "Ilikuwa kweli tangu mwanzo. Aliyekosea ni mimi, si wao. Nilitumia dawa mbovu nikijua ni mbovu, na nikakutia matumaini, na matumaini hayapo. Nisamehe."

Bibi alifunika mdomo kwa mtandio.

Kabla mtu hajajibu, mlango wa wodi ulifunguka na mwashi akatoka, karibu anakimbia, bandeji imening'inia. "Mama!" aliita hata korido nzima ikageuka. "Nimeambiwa! Kidole kinabaki! Daktari kasema ni wewe uliyekwenda kusema, hata umejiletea matatizo kazini kwa ajili yetu." Aliuchukua mkono wake kwa mikono yake yote miwili akaubana, dole gumba lile juu ya vidole vyake, zito na la moto. "Mungu akulipe. Wangapi wangesema? Wangapi?" Akamshika mkono na fundi asiyemjua. "Bwana, kama huyu ni mkeo, umepata mtu." Akaenda zake, na walimsikia mpaka kwenye ngazi akimwambia mtu mwingine.

Korido ikatulia.

"Nijibu kitu kimoja," fundi akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, ingekuwa afadhali. "Kama majibu yangu yangekuwa mazuri, ungekwenda kusema?"

Angeweza kusema ndiyo. Mtu aliye mlangoni mwa chumba cha kukatwa mguu anastahili neno zuri, na mama mkwe alikuwa akimtazama kwa macho ya kumsihi aliseme. Lakini alikuwa amechoka kuandika visivyo kweli.

"Nisingekwenda," alisema. "Nisingetazama hata hicho cha kujaribia. Kingekaa drooni mpaka leo, na yule angekatwa."

Fundi aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka bibi akamgusa bega akidhani amezidiwa. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, naye hakuupangusa.

"Basi yule bwana asijue hilo," alisema. "Mwache afurahi. Kulijua sisi wawili kunatosha."

"Watatu," bibi akasema. "Mimi si kiziwi."

Fundi alicheka, kicheko kilichokatika katikati, akanyoosha mkono aletewe fomu. Alisaini juu ya goti lake, kwa mwandiko wake ule ule wa kuandika vipimo vya nguo za watu. Mkewe alikuwa bado amechuchumaa, ameshika kifundo cha mguu wake wa kulia kwa mikono yote miwili, na hakujua tangu lini ameushika.

Muuguzi akachungulia mlangoni na karatasi mkononi. "Wa mguu ni nani?" aliuliza.

Wote watatu wakasimama.